Je, Wajua? Rimoti, King'ora na Chipu Isiyo na Betri

Je, wajua kwamba ufunguo wa gari lako hubeba kazi mbili zisizojuana? Vitufe vya kufunga na kufungua milango ni redio ndogo inayokula betri. Chipu inayoiruhusu injini iwake ni kitu kingine kabisa: haina betri, haina kitufe, na mara nyingi imekaa ndani ya plastiki ileile bila mwenye gari kujua kama ipo. King'ora nacho ni mfumo wa tatu, wenye vihisio vyake na visirani vyake. Watu huvichanganya vitatu hivi kila siku, na mafundi wasio waaminifu wanakula kwa mchanganyiko huo.

Je, wajua chipu hupata wapi umeme wake? Kuzunguka tundu la ufunguo, pale ubavuni mwa usukani, kuna koili ya waya mwembamba. Ukiwasha swichi, koili hutengeneza uga wa sumaku unaogeuka mara zipatazo 125,000 kwa sekunde, na uga huo huzalisha umeme kidogo ndani ya chipu, wa kutosha kuiamsha ijitambulishe. Chipu zenyewe nyingine ni kijiti cha kioo chenye ukubwa wa punje ya mchele. Kwa hiyo rimoti ambayo betri yake ilikufa mwaka juzi bado itawasha gari, na ufunguo uliochongwa kwa ustadi wote, ukaingia na kuzunguka vizuri, hautawasha kitu kama una meno tu.

Je, wajua kwamba gari na chipu humaliza mazungumzo yao kabla hujaondoa mkono kwenye ufunguo? Kompyuta ya gari, ile ambayo mafundi wetu huiita kontroli boksi, hutoa namba ya kubahatisha. Chipu huichanganya namba hiyo na siri iliyohifadhiwa ndani yake, kisha hurudisha jibu. Gari nalo limepiga hesabu ileile pembeni. Majibu yakilingana, mafuta yanapita na plagi zinapata moto. Yasipolingana, taa za dashibodi zitawaka zote na injini itakaa kimya. Mfumo huo ndio imobilaiza.

Si chipu zote zina akili hiyo. Za mwanzo, ikiwemo ile ambayo mafundi funguo huijua kwa jina la 4C kwenye Toyota za mwisho wa miaka ya 1990, hutaja namba moja isiyobadilika. Mwenye kimashine cha mezani anaweza kuinakili wakati wewe unamalizia soda.

Je, wajua kwamba gari lililozuiwa na imobilaiza haligomi kwa namna moja? Mengine hayapigi stata kabisa. Mengine hupiga stata mpaka betri ikachoka. Volkswagen nyingi huwaka kama kawaida, kisha huzima baada ya sekunde moja au mbili, na hapo ndipo mtu huuziwa pampu ya mafuta asiyoihitaji. Kabla ya kutoa hela, itafute kwenye dashibodi taa ndogo yenye picha ya ufunguo, au ya gari lenye kufuli. Ikiendelea kumetameta wakati swichi imeshawashwa, gari linakuambia kwamba halijautambua ufunguo. Jaribu ufunguo wa akiba. Kama huna, ondoa kwanza funguo za magari mengine zilizo kwenye pete hiyohiyo, kwa sababu chipu mbili zikiikaribia koili moja huweza kuvurugana. Vitabu vya magari huonya jambo hilo, ila nani anavisoma, na kile cha gari la mtumba kimeandikwa Kijapani?

Je, wajua kwamba chipu ilitanguliwa na rezista? Chevrolet Corvette ya mwaka 1986 ilikuja na ufunguo wenye kidonge cheusi kwenye shina lake. Ndani ya kidonge mlikuwa na kizuizi cha umeme chenye kipimo maalumu, na gari lilipima kama ni chenyewe. Vipimo vyote vilikuwa 15 tu. Mwizi angeweza kuvijaribu vyote, isipokuwa kwamba kila akikosea gari lilijifunga kwa dakika kadhaa, na wizi ni kazi isiyopenda kusubiri.

Je, wajua kwamba rimoti ya kwanza ya milango haikutumia redio? Iliwekwa kwenye Renault Fuego mwaka 1982, kazi ya Mfaransa Paul Lipschutz, na ilitumia mwanga usioonekana, uleule wa rimoti ya televisheni. Ulilazimika kulielekezea gari, usipolenga hufungui.

Je, wajua kwamba moja ya hesabu za siri zilizoenea sana kwenye rimoti za magari na mageti duniani ilizaliwa Afrika Kusini? Katikati ya miaka ya 1980, Gideon Kuhn wa Chuo Kikuu cha Pretoria aliibuni hesabu iitwayo KeeLoq, na Willem Smit wa kampuni ya Nanoteq akaitia kwenye chipu. Mwaka 1995 kampuni ya Kimarekani ya Microchip Technology iliinunua kwa dola milioni 10. Kabla ya teknolojia za namna hii, rimoti ilirusha namba ileile kila ilipobonyezwa. Mtu mwenye kinasa mawimbi aliikamata mara moja akairudia apendavyo, leo, kesho na mwezi ujao. KeeLoq ililipa kila bonyezo namba yake, inayotumika mara moja ikatupwa. Rimoti na gari kila kimoja kina kihesabio, na vihesabio hivyo husonga pamoja.

Sasa mtoto akiichezea rimoti sebuleni, akabonyeza mara hamsini na gari liko mtaa wa pili, itakuwaje? Wabunifu walilifikiria. Kwa mpangilio wa kawaida wa KeeLoq, gari huisamehe rimoti iliyotangulia kwa hatua 16. Ikizidi hapo, bonyezo la kwanza halifanyi kitu, lakini ukibonyeza tena na namba mbili zikafuatana, gari hukubali kwamba rimoti imekimbia mbele na kuipanga upya hesabu yake. Namba za nyuma, zilizokwishatumika, hazipokelewi. Basi rimoti ikigoma baada ya kutoka mikononi mwa mtoto, bonyeza mara mbili karibu na gari kabla hujampigia fundi simu.

KeeLoq yenyewe ilikuja kuvunjwa. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ruhr mjini Bochum, Ujerumani, walionyesha kwamba ukipima umeme unaotumiwa na chipu wakati inapiga hesabu, unaweza kuichota siri ya mtengenezaji. Ukishaipata, unanasa mabonyezo mawili tu ya rimoti ya mtu na unatengeneza pacha wake. Hawakuigusa hesabu yenyewe. Walisikiliza jinsi chipu inavyohema ikifanya kazi.

Je, wajua kwamba hata namba ya kutumika mara moja inaweza kuibwa ikiwa mbichi? Mwaka 2015, kwenye mkutano wa DEF CON huko Las Vegas, Mmarekani Samy Kamkar alionyesha kifaa alichokiunda kwa vipuri vya dola kama 32. Unabonyeza rimoti, kifaa kinapiga kelele ya redio ili gari lisisikie, huku chenyewe kimeisikia namba na kuihifadhi. Unashangaa, unabonyeza tena. Kinaihifadhi ya pili na papo hapo kinalirushia gari ile ya kwanza. Gari linafunguka, unaondoka zako bila wasiwasi, na kifaa kimebaki na namba moja ambayo haijawahi kutumika.

Wezi wa maegesho hawajisumbui hivyo. Afrika Kusini, ambako mchezo huu umeenea mpaka polisi huutangazia tahadhari, mwizi hukaa ndani ya gari lake na kushikilia kitufe cha rimoti ya geti iliyo kwenye masafa yaleyale. Wewe unabonyeza kufunga huku umeshageuka unaelekea dukani. Gari halikusikia. Hakuna kioo kilichovunjwa, hakuna king'ora kilicholia, na bima itakuuliza maswali magumu. Dawa yake ni ya kizamani: subiri uone taa za indiketa zimemulika, kisha uvute kitasa kwa mkono.

Je, wajua kwa nini rimoti uliyoagiza mtandaoni, sura ileile, vitufe vilevile, inaweza kukataa kabisa kusajiliwa? Magari mengi yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hutumia masafa ya karibu megahezi 315. Ya Ulaya hutumia 433.92. Kwa kuwa sehemu kubwa ya magari ya mitumba ya Dar es Salaam, Mombasa na Kampala yametoka Japani, rimoti ya toleo la Ulaya itaongea na gari lako sawa na kuwasha redio stesheni isiyo yake. Uliza masafa kabla ya kulipa, maana muuzaji atakutumia picha tu.

Je, wajua kwamba kichwa chako kinaongeza nguvu ya rimoti? Ikandamize kidevuni ukibonyeza, na gari lililokuwa mbali kidogo kupita uwezo wake litaitika. Kichwa kimejaa maji na chumvi, na mawimbi ya rimoti hukitumia kama sehemu ya antena. Jirani zako watakuangalia kwa macho ya huruma, lakini inafanya kazi.

Tuingie kwenye magari ya kitufe, yanayowashwa kwa kubonyeza badala ya kuzungusha ufunguo. Kenya, ambako gari la mtumba lenye umri wa zaidi ya miaka minane haliruhusiwi kuingizwa nchini, yadi zimejaa magari ambayo ufunguo wake hautoki mfukoni.

Je, wajua kwamba gari la kitufe ndilo linaloanza kuzungumza? Ukigusa kitasa, gari hutoa wito dhaifu wa masafa ya chini, unaofika mita moja au mbili tu. Ufunguo ukiusikia hujibu kwa redio yenye nguvu zaidi. Gari huamini kwamba anayejibu yuko karibu, kwa kuwa wito wenyewe haufiki mbali. Imani hiyo ndiyo shina la matatizo yote yanayofuata.

Je, wajua kwamba ukishaliwasha gari la kitufe, ufunguo unaweza kuondoka na gari likaendelea na safari? Mume anashushwa uwanja wa ndege wa Julius Nyerere, ufunguo uko mfukoni mwake. Gari linalia pi-pi kidogo, mke anadhani ni mkanda. Anaendesha mpaka Mbagala, anazima. Gari haliwaki tena mpaka ndege irudi. Watengenezaji wamelifanya hivyo makusudi, kwani gari linalozima katikati ya barabara kwa sababu betri ya ufunguo imekwisha ni hatari kubwa kuliko wizi.

Na betri hiyo ikiisha? Ndani ya ganda la ufunguo kuna kijiti cha chuma cha kufungulia mlango wa dereva. Kitafute leo, nyumbani, kukiwa na mwanga. Ukishaingia, kwenye Toyota nyingi unakanyaga breki, unaugusisha upande wa ufunguo wenye nembo kwenye kitufe cha kuwashia, kisha unabonyeza. Ni chipu ileile isiyo na betri, na koili ileile. Safari hii imefichwa nyuma ya kitufe. Kumbuka kwamba ukifungua mlango kwa kijiti, baadhi ya magari yatapiga king'ora kwa kuwa yamefunguliwa bila rimoti. Usikimbie. Kitanyamaza pindi gari litakapoutambua ufunguo.

Je, wajua kwamba gari la kitufe linaweza kuibwa huku ufunguo ukiwa juu ya kabati lako? Mwaka 2011 watafiti wa chuo cha ETH mjini Zurich, Uswisi, walichapisha majaribio waliyofanya kwenye magari ya aina 10 kutoka kwa watengenezaji 8. Mmoja anasimama kando ya gari na kifaa kinachonasa ule wito dhaifu. Mwenzake anasimama karibu na ufunguo na kifaa kinachourudia. Gari linadhani ufunguo uko kitasani. Yalifunguka yote, na yote yakawaka. Hakuna siri iliyovunjwa hapo, kwa sababu wezi hawahitaji kujua gari na ufunguo vinaambiana nini. Wanapeleka ujumbe tu, kama tarishi.

Vifuko vya kuzuia mawimbi vipo, vingine vizuri na vingine mapambo tu. Kipimo hakihitaji utaalamu: utie ufunguo ndani yake, nenda nao hadi kwenye gari, shika kitasa. Gari likifunguka, rudisha kifuko dukani. Funguo za miaka ya karibuni zina kihisio cha mwendo, zikilazwa mezani kwa dakika chache zinasinzia na kuacha kuitikia. Nyingine mpya zaidi hupima muda ambao wimbi limetumia kwenda na kurudi. Wimbi la redio husafiri sentimita 30 hivi katika sehemu moja ya bilioni ya sekunde, kwa hiyo tarishi yeyote katikati huongeza ucheleweshaji, na gari humkamata hapo.

Je, wajua kwamba kuna wizi unaoanzia kwenye taa ya mbele? Mwaka 2022, jijini London, Ian Tabor, ambaye kazi yake ni kutafiti usalama wa kompyuta za magari, alikuta bampa la Toyota RAV4 yake limevutwa na nyaya za taa zimechomolewa. Alidhani ni wahuni. Ikatokea tena. Siku chache baadaye gari halikuwepo. Yeye na mwenzake Ken Tindell walifuatilia, na mwaka 2023 wakaeleza kisa kizima: nyaya za taa za kisasa zimeunganishwa kwenye mtandao uleule unaobeba amri za milango na injini, na kuna kifaa kinachouzwa kwa wezi, kimefichwa ndani ya ganda la spika ndogo ya muziki, kinachoingia kwa njia hiyo na kusema kwa sauti ya kompyuta ya ufunguo, "Ufunguo umekubalika." Chipu, rimoti na hesabu zote za siri zinapitwa pembeni. Kwa hiyo ukikuta bampa limelegezwa upande mmoja, usiridhike kwamba hakuna kilichoibwa.

Je, wajua kwamba mahakama iliwahi kuwaziba mdomo watafiti wa imobilaiza? Flavio Garcia wa Chuo Kikuu cha Birmingham, pamoja na Roel Verdult na Barış Ege wa Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi, waligundua udhaifu kwenye chipu ya Megamos Crypto, iliyotumiwa na makampuni mengi, Volkswagen likiwemo. Mwaka 2013 Volkswagen lilipata amri ya Mahakama Kuu ya Uingereza kuzuia makala yao isichapishwe. Ilitoka mwaka 2015, baada ya miaka miwili, ikiwa imeondolewa sentensi moja tu. Kwa maoni yangu, miaka hiyo miwili haikumfaidi mwenye gari hata mmoja, maana wezi hawasubiri majarida ya kitaaluma.

Je, wajua kwamba Marekani haijawahi kuilazimisha imobilaiza kwa sheria? Umoja wa Ulaya uliilazimisha kwa magari mapya mwaka 1998, Australia mwaka 2001, Kanada mwaka 2007. Marekani iliwaachia watengenezaji waamue, na wengi waliiweka wenyewe. Kwa magari ya toleo la 2015, taasisi ya bima ya usalama barabarani ya nchi hiyo ilikuta asilimia 96 ya matoleo ya makampuni mengine yana imobilaiza, lakini kwa Hyundai na Kia ni asilimia 26 tu. Vijana wa Milwaukee waliligundua pengo hilo. Unavunja plastiki chini ya usukani, unachomoa silinda ya ufunguo, unazungusha kijiti kilichobaki kwa chochote kinachokaa, na ikatokea kwamba kichwa cha waya wa kuchajia simu, ule mpana, kinakaa barabara. Mwaka 2022 video zilisambaa TikTok na wizi ukalipuka mji kwa mji. Mwaka uliofuata makampuni hayo yalitangaza programu mpya kwa magari yapatayo milioni 8.3, na kugawa vyuma vya kufunga usukani kupitia vituo vya polisi. Kanada, magari ya chapa hizohizo hayakuwa na tatizo hilo. Sheria ya 2007 ilikuwa imeshalimaliza.

Japani nayo haikulilazimisha jambo hili mapema. Mwaka 2003 magari zaidi ya 64,000 yaliripotiwa kuibwa huko, kilele cha historia yao. Mwaka 2021 idadi ilikuwa imeshuka hadi kama 5,200, na kuenea kwa imobilaiza kunatajwa miongoni mwa sababu kubwa. Kwetu maana yake ni kwamba Vitz au Probox ya miaka ya 2000 inaweza kuwa nayo au isiwe nayo, kutegemea mnunuzi wa kwanza alilipia nini. Unataka kujua? Kifunge kichwa cha ufunguo kwa karatasi ya foili ya jikoni, tabaka mbili tatu, kisha jaribu kuwasha. Likiwaka kwa raha, yaelekea huna.

Je, wajua king'ora kinasikiliza nini? Kuna kihisio cha mtikisiko, kinachohesabu bodaboda yenye ekzosi iliyotobolewa kuwa ni mwizi. Kuna kinachotoa sauti ya juu isiyosikika ndani ya gari na kupima kama kuna kitu kimesogea; ukimwacha mtoto amelala ndani au ukisahau dirisha wazi, kitalia. Magari ya bei hupima hata mwinamo, ili yanyanyuliwapo na gari la kuvutia magari mabovu yapige kelele. Na kuna swichi ndogo chini ya boneti, ambayo kwa maoni ya mafundi umeme wengi ndiyo mkosaji mkuu: ikiingia kutu au tope, gari huamini boneti imefunguliwa saa nane za usiku. Betri kuu ikichoka nayo huleta kelele zisizo na kisa. Jijini New York sheria inataka king'ora cha gari kinyamaze ndani ya dakika 3. Mtaani kwetu sheria hiyo ni jirani mwenye jiwe.

King'ora cha kufungiwa mtaani kina jambo moja la kukumbuka. Fundi hukata waya wa stata au wa pampu ya mafuta na kuupitisha kwenye kiboksi chake, na kiboksi kikifa, gari nalo limekufa, hata kama kila kitu kingine ni kizima. Muulize akuonyeshe swichi ya siri ya kukizima, nawe umwonyeshe mtu mmoja unayemwamini. Muulize pia waya aliokata ni upi. Akikwepa swali, mtafute mwingine.

Hakuna king'ora, cha kiwandani wala cha mtaani, kinachojali sana kioo cha pembeni. Saiti mira hung'olewa kwa ustadi ambao kihisio cha mtikisiko hakiuoni, ndiyo maana Dar es Salaam watu huchora namba ya gari kwenye vioo na taa. Kioo chenye namba ya mtu ni kigumu kuuzika kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani.

Je, wajua kwamba kinga isiyoonekana humlinda na jirani yako? Mwaka 1998 watafiti Ian Ayres na Steven Levitt walichapisha uchunguzi kuhusu LoJack, kifaa cha kufuatilia gari lililoibwa ambacho hufichwa bila alama yoyote nje. Waliona kwamba kilipoenea mjini, wizi ulipungua hata kwa wasiokuwa nacho, kwa sababu mwizi hakuweza kujua ni gari lipi linalo. Chuma cha kufunga usukani kinaonekana dirishani, kwa hiyo mwizi huweza kulipita gari lako na kusogea kwa anayefuata.

Je, wajua kwamba betri ya rimoti, ile duara ya volti 3 iliyoandikwa CR2032 au CR1632, inaweza kumuua mtoto? Ikimezwa na kukwama kooni, umeme wake huunguza nyama laini, na majeraha makubwa yanaweza kutokea ndani ya saa mbili. Usimtapishe. Hospitali, mara moja. Ile ya zamani uliyoibadilisha usiiache juu ya meza, bado ina umeme wa kutosha kuunguza.

Je, wajua kwamba gari lililoibwa London laweza kuonekana Mombasa? Mwaka 2019 maofisa wa forodha bandarini hapo walikamata Range Rover zilizoibwa Uingereza, zimefichwa ndani ya makontena yaliyoandikishwa kwamba yamebeba vyombo vya nyumbani. Mnunuzi wa gari la kifahari kwa bei ya kushangaza na aombe funguo zote mbili za asili. Mwizi wa kutumia kifaa kwa kawaida hana hata mmoja wa asili; ana mpya uliosajiliwa baadaye.

Na ufunguo uliopotea, je? Kompyuta ya gari ina orodha ya chipu inazozitambua, na fundi mwenye mashine anaweza kuifuta yote na kuandika upya zile ulizonazo mkononi. Ufunguo uliodondoka Kariakoo, au uliobaki kwa mwenye gari wa kwanza kule Yokohama, bado utafungua mlango kwa meno yake, ila injini haitaujua tena. Kwenye Toyota za zamani kazi hiyo huhitaji ufunguo mkuu, kwa kawaida ule wenye kichwa cheusi. Wa kijivu ni wa kumpa muosha magari, hauwezi kusajili mwenzake. Ukiwa na mweusi mmoja peke yake, nenda kachongeshe na kusajili wa pili wiki hii, maana ukipotea na huo, kwa baadhi ya magari hayo fundi atalazimika kuifungua au kuibadilisha kompyuta ya imobilaiza yenyewe, na bei yake utaisikia ukiwa umekaa.